Saa ya Ukutani na Nyumba ya Mama Kristina

Jumatatu, 9 Juni

"Mfumo wa bure hauna wa kuwajibika, ndiyo maana kompyuta zenu zinaikataa tovuti yetu. Nunueni programu halali na tatizo litaisha." Hivyo ndivyo alivyoniandikia asubuhi hii Bwana Fidelis, mshauri wa mfilisi anayeuza shamba la mkonge. Sentensi mbili, makosa matatu. Linux, mfumo wetu huo wa bure, ni halali. Ni ya bure kwa sababu walioitunga walitaka iwe ya bure, jambo ambalo mtu wa soko huria hawezi kulielewa bila kuumwa kichwa. Wa kuwajibika yupo: mimi. Na kompyuta haikuikataa tovuti yao. Imeuliza tu, nani anamthibitisha huyu? Swali la heshima. Hana jibu, anamtukana muulizaji.

Nimewasha seva, kompyuta kuu ya ukumbi ambayo nyingine zote huifuata, kama kila siku. Betri yake ndogo ya ndani imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika inasahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma. Kila asubuhi naiwekea tarehe na saa kwa mkono, nikitazama saa ya ukutani. Leo: saa mbili na dakika kumi. Nikaandika mbili na kumi. Saa yangu ya ukutani husema mbili pakiwa saa mbili. Niliigeuza mwenyewe. Taifa zima linatazama nane na kusema mbili, tangu mkoloni mpaka leo, na hakuna anayeona aibu. Niliandika makala juu ya hilo. Mhariri aliniambia ni jambo dogo.

Maji hakuna. Nimefagia bila kunyunyiza.

Saa nne akaja tena Mama Kristina kutoka kambi ya mkonge, njia ya Muheza. Marehemu mumewe, Yohana, alikuja kutoka Kigoma akiwa kijana, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Amezikwa nyuma ya nyumba yao. Sasa shamba linabinafsishwa, na mnunuzi anataka kambi iwe tupu. Majirani wamepokea nauli wakaondoka. Mama Kristina hakupokea. Tangazo la mfilisi linasema mkazi anayepinga kuondolewa alete pingamizi kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, kwa njia ya tovuti tu. Karatasi hazipokelewi. Mjane anayesomewa barua zake kanisani, aingie kwenye tovuti. Wanaita hayo uwazi.

Tumejaribu ukurasa wa pingamizi mara nne. Kila mara onyo lile lile: aliyetia sahihi cheti cha tovuti hii hajulikani.

Jumanne, 10 Juni

Nimemweleza Mama Kristina hivi. Cheti cha tovuti ni kama barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Barua yenyewe si kitu. Kitu ni mhuri, na mhuri una maana ikiwa unamjua mwenye mhuri. Kompyuta hii ina orodha ya wenye mihuri inaowajua. Aliyempigia mfilisi mhuri hayumo.

Akauliza, "Sasa hayumo kwa sababu ni mwongo, au kwa sababu ni mgeni?"

Swali zuri kuliko barua nzima ya Bwana Fidelis. Jibu: ni mgeni. Orodha yangu ni ya zamani. Ilikuja na diski niliyopewa miaka mitatu iliyopita, na mwenye mhuri huyu ameanza kazi baadaye. Nimepoteza asubuhi nzima kuligundua hilo, kwa sababu nilikuwa naandika jibu la kurasa mbili kwa Bwana Fidelis.

Kwenye onyo kuna kitufe cha "endelea". Ukikibonyeza, ukurasa unafunguka. Sikukibonyeza. Mtu akikaa katikati ya waya akajifanya mfilisi, atapokea pingamizi la mjane, atasema asante, na litakuwa limekwenda shimoni. Nimewafundisha wanawake wa mji huu kutobonyeza kitufe hicho. Siwezi kukibonyeza mwenyewe siku mambo yakiwa magumu.

Nimempigia simu Athumani, mtoto wa baba mdogo, anayetengeneza kompyuta Mombasa. Anatuma orodha mpya kwenye diski, kwa kondakta wa basi. Laini yangu ya simu ingeivuta siku mbili.

Jumatano, 11 Juni

Diski imevuka mpaka wa Horohoro salama. Kondakta kaifungia kwenye mfuko mmoja na viatu vya mtu.

Sikuiamini hivi hivi. Kila mwenye mhuri ana alama yake ndefu ya herufi na tarakimu, mfano wa alama ya dole gumba. Nimempigia Athumani anisomee ya kwake, nilinganishe na iliyomo kwenye diski. "A kama Asha. Saba. F kama Fatuma. F tena." "Fatuma yule yule?" "Dada, soma. Simu ya watu hii." Zimelingana zote.

Kabla hajakata simu akanitania. Barua zangu zote za kompyuta, anasema, zinaonyesha nimeziandika saa kumi, saa kumi na moja za alfajiri. "Huna usingizi, Dada, au una hasira tu?" Nikamwambia mtu anayesoma sana hulala kidogo. Nilifurahi, niseme kweli. Nani hapendi kudhaniwa mchapakazi.

Nimeingiza orodha mpya, nikaiamuru kompyuta ijenge upya hesabu yake ya wenye mihuri, nikafungua ukurasa. Lile onyo la mgeni halipo tena! Likaja jingine. Cheti cha mfilisi kimekwisha muda wake tangu Jumapili.

Nimecheka peke yangu chumbani. Mwenye programu halali kaacha cheti chake kioze. Kosa lake. Nimemwandikia mistari mitano tu, na kila mmoja una kisu.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Nilisahau kuandika kwamba Mama Kristina alikaa hapa mchana kutwa. Alileta mhogo wa kuchemsha uliofunikwa kwa kawa. Nilikula nikiwa nachapa, sikumuuliza kitu. Alipoondoka ndipo nilipoona amenifungia madirisha.

Alhamisi, 12 Juni

Bwana Fidelis amepiga simu mwenyewe. Sauti ya mtu aliyekwisha kula vizuri. Amekiri cheti kimeisha. Kipya kitawekwa kesho. Kisha akasema: "Lakini, mama, kwani una haraka gani? Bonyeza 'endelea'. Huku Dar sote tunabonyeza. Hakuna aliyekufa."

Nikamwambia hao wanaokufa hawapigi simu ofisini kwake. Nikamwambia mengine pia. Kwamba waliuza kiwanda cha uchapaji nilichofanyia kazi miaka kumi na saba, nikisahihisha makosa ya watu kama yeye, wakakiuza na mitambo yake kwa bei ya vyuma chakavu, wakaniita "ziada". Kwamba ukumbi huu ninamokaa na kompyuta tano za msaada ndio uliobaki kwa sababu paa linavuja na hakuna aliyeutaka. Nilisema kwa muda mrefu. Alipopata nafasi akasema, "Sawa. Kesho mchana."

Nilimwomba apokee karatasi endapo mtambo utashindwa. Akasema utaratibu hauruhusu. Nikamuuliza utaratibu ni nani. Akakata simu.

Umeme umekatika mara mbili. Mara mbili nimeweka saa upya.

Mama Kristina alikuja, nikamwambia arudi kesho mchana na kidole chake cha gumba na shahidi wake. "Kidole nitakuja nacho," akasema. "Shahidi sijui. Shahidi amepewa nauli jana."

Ijumaa, 13 Juni

Naandika saa kumi na mbili kasoro, kila kitu kikiwa kimekwisha. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi umeme ulirudi. Nimeweka tarehe na saa. Nimeandaa fomu yote kwenye karatasi: jina, namba ya nyumba, mwaka walioingia kambini, kaburi la Yohana. Shahidi amekuwa katekista. Wote wawili walikaa kwenye benchi tangu saa tatu.

Adhana ya Ijumaa ikitolewa, Bwana Fidelis akapiga simu: cheti kipya kimewekwa. Laini ya intaneti ilikuwa imekufa kama kawaida ya Ijumaa. Ikafufuka saa nane. Nikafungua ukurasa. Onyo jipya, ambalo sijawahi kuliona kwa tovuti yoyote: cheti hiki hakijaanza kutumika. Na chini yake, muda kinapoanza: leo, 12:05.

Nikatazama saa ya ukutani. Nane na dakika chache. Nikatazama pembe ya kompyuta. Nane na dakika chache. Cheti kinaanza saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Mlango wa pingamizi unafungwa saa kumi na moja.

Nilisimama. Niliwaelewa wote mara moja. Wametengeneza cheti halali kabisa, chenye mhuri wa kweli, kitakachoanza kuaminika saa moja na dakika tano baada ya mjane kukosa haki yake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hakuna atakayeshtakiwa.

Nilipiga simu Dar. Haikupokelewa. Nilipiga tena. Nilijaribu ukurasa kila robo saa, kila mara jibu ni lile.

Mama Kristina akasema, "Mwanangu, kile kitufe."

Nikasema hapana. Nikamweleza tena habari ya shimo.

Akasema kuna duka la intaneti karibu na soko la Ngamiani, kijana wa pale kampeleka mwenzake wa kanisani mpaka kwenye matokeo ya mtihani. Aende kule? Alikwisha kuvua kandambili na kuzishika mkononi ili akimbie.

Nikamwambia asiende. Wale wanabonyeza chochote. Nikamwambia akae, kwamba hapa tunao ushahidi, kwamba ushahidi huu utawaangusha. Akakaa. Katekista alitaka kusema neno, akanitazama usoni, akamsogezea Mama Kristina nafasi kwenye benchi.

Saa kumi nilianza kuandika waraka. "Cheti cha Saa Kumi na Mbili." Uliniteremkia wote kwa pumzi moja. Ilipofika saa kumi na moja nilikuwa bado natafuta neno la kufungia. Muda wa kupokea mapingamizi ukawa umekwisha.

Mama Kristina akauliza, "Tayari?"

Nimechapa nakala thelathini.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilibandika waraka kwenye nguzo za soko na ukuta wa stendi. Mpaka saa tatu mji mzima umesoma. Muuza kahawa kanipa kikombe bila kutaka senti. "Bi Zaina, umewachoma leo!" Mzee mmoja niliyemwamkia akaishika shikamoo yangu kwa mikono miwili.

Nilirudi chumbani nikiwa mwepesi. Umeme haukukatika usiku, seva haijazimwa. Nikafungua ukurasa wa mfilisi ili niutazame tu. Ukafunguka. Hakuna onyo. Cheti safi. Nikasema: unaona, saa yao imepita, sasa kinaaminika. Ushahidi juu ya ushahidi.

Athumani ameingia leo kwa ajili ya arobaini ya shangazi. Akaja kunisalimu, akausoma waraka amesimama mlangoni. Hakucheka. Akaja mpaka kwenye kompyuta, akatazama pembe ya chini, akatazama saa ya mkononi mwake.

"Dada, hapa panasema tatu na arobaini na tano."

"Ndiyo. Ni saa nne kasorobo."

"Ni saa nne kasorobo kwako na kwangu. Kwa kompyuta hii ni alfajiri. Jogoo hajawika."

Nilimwambia saa zetu ni zetu. Kinywa kilisema hivyo kwa mazoea. Akili ilikuwa imeshafika mbele.

Kumi na mbili na dakika tano ya cheti ni saa sita na dakika tano mchana. Mchana wa jana, pale adhana ilipotolewa na Fidelis akapiga simu. Alifanya alichosema atafanya, kwa wakati aliousema. Cheti kilikuwa kizima. Saa nane mchana kompyuta yangu iliamini ni asubuhi, kwa sababu mimi niliiambia ni asubuhi, na cheti cha mchana kikaonekana hakijazaliwa. Saa kumi na moja jioni ilikuwa bado inaamini ni kabla ya adhuhuri.

Miezi yote hii haikuleta neno, kwa sababu vyeti huanza zamani na kuisha mbali; saa sita nyuma au mbele hakuna anayejua. Kilihitajika cheti kimoja, kilichozaliwa siku ile ile. Na nani alipiga kelele mpaka wakakizaa siku ile? Mimi.

Na zile barua za alfajiri. Aliniambia Jumatano. Nikafurahi.

Nimesogeza saa ya seva mbele kwa saa sita. Amri ya mstari mmoja. Athumani alikwenda zake arobainini bila kunipa pole, na ninamshukuru kwa hilo.

Jumapili, 15 Juni

Nimebandua. Wino wa bei rahisi, gundi ya unga. Karatasi zimeng'ang'ania ukutani kuliko nilivyotaka. Muuza kahawa akauliza kwa sauti ya chini, "Wamekutisha?" Nikasema hapana, nimekosea mimi. Akakonyeza jicho. Watu watatu nimewaambia nimekosea, hakuna aliyeamini. Uongo wangu wa Jumamosi waliuamini wote kabla kahawa haijapoa.

Nakala mbili sijazipata. Kuna mtu amezihifadhi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda kambini. Nyumba nyingi hazina milango tena, waliohama wameing'oa. Ya Mama Kristina ina mlango, ina pazia. Alikuwa uani anamenya mhogo, kaburi liko hatua chache nyuma yake, limefagiliwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Nilimwambia yote. Sikuanza na mkoloni. Nilisema saa ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa saa sita, na aliyeirudisha nyuma ni mimi, kila asubuhi, kwa makusudi.

Akaendelea kumenya mhogo. "Kwa hiyo siku nzima ulikuwa unagombana na saa yako."

"Ndiyo."

"Na yule bwana wa Dar hakufanya kitu."

"Siku ile, hapana."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na urafiki. Kisha akaacha. "Mimi nilikuwa nimeshika kandambili mkononi, Bi Zaina. Nilikuwa nimesimama."

Wiki nzima aliniita mwanangu. Leo Bi Zaina. Nilistahili.

Nilianza kusema habari ya kitufe, kwa nini ile kanuni bado ni sahihi. Akanionyesha kisu chake: ninyamaze. Akauliza kama ile karatasi, yenye jina na kidole na sahihi ya katekista, bado ninayo. Nikasema ninayo. Akasema basi niipeleke.

"Hawapokei karatasi, Mama."

"Wewe uliniambia nikae," akasema. "Nikakaa."

Jumanne, 17 Juni

Nimewasha seva. Nimeweka tarehe. Nimeweka saa ya dunia, nane na dakika tano, kwa sababu kompyuta inazungumza na kompyuta nyingine na haina habari na makala zangu. Saa ya ukutani nimeiacha ilivyo. Nimeandika kibandiko kwa kalamu nyekundu na kukigundisha kwenye seva, kumkumbusha mtu mmoja tu.

Mvua ndogo. Paa linadondosha pale pale.

Mama Kristina amekuja saa tatu kuhakikisha. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama nyuma yangu nikiandika barua kwa mkono, akaniomba nimsomee, nikamsomea. Akaniambia nifute mistari miwili ya kwanza. Ilikuwa juu ya ubinafsishaji. Nimeifuta. Basi la Dar linaondoka kesho asubuhi na nimeshakata tiketi. Nitakaa mlangoni kwao mpaka mtu aipokee. Nakala ninaiweka hapa.

"Kwa Bwana Fidelis, na kwenu nyote katika ofisi ya mfilisi. Ijumaa kabla ya saa kumi na moja, mjane huyu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, fomu yake imejazwa, kidole chake kimetiwa wino. Katekista ni shahidi. Cheti chenu kilikuwa sawa. Saa yangu ndiyo iliyokuwa mbaya, na mimi ndiye niliyemzuia kwenda kwingine. Waraka nilioubandika Tanga juu yenu ulikuwa wa uongo, nimeubandua, na nitausema hivyo mbele ya yeyote mtakayemtaka. Niandikeni mimi katika orodha yenu ya wakosaji. Yeye hakuchelewa. Pokeeni karatasi yake."